Picha ya Tatu

Sebule yenye dirisha kubwa huniudhi kuliko mteja mbishi. Ukiipiga picha ili dirisha lionekane vizuri, na mti wa nje na anga lake, basi kochi na pembe zote zinazama gizani. Ukitaka kochi lionekane, dirisha linakuwa jeupe pee, kana kwamba nje hakuna dunia. Ndiyo maana sisi tunaopiga picha za nyumba hatupigi moja. Tunaiweka kamera kwenye stendi isitikisike hata kidogo, inapiga tatu mfululizo: ya kwanza ya giza kwa ajili ya dirisha, ya pili ya kawaida, ya tatu yenye mwanga mwingi kwa ajili ya pembe na vichochoro. Kisha kompyuta inazichanganya, inachukua kilicho bora katika kila moja, na mtu akiona anasema lo, nyumba hiyo. Kumbe nyumba ni ileile.

Siku hiyo nilikuwa kwa kaka yangu. Yeye na mkewe walikuwa wameamua kupangisha vyumba viwili vya mbele kwa wageni wa siku chache, na wifi yangu akasema hataki picha za simu, anataka zangu. Nikapanda basi la asubuhi kutoka mji ninaoishi. Sitasema uongo, nilikwenda nimenuna. Mama yetu, ambaye anakaa na kaka tangu baba afariki, alikuwa amepelekwa kwa mama mdogo kupumzika, na kupumzika huko kulikuwa kumepitiliza. Kila nikipiga simu amelala, au yuko bafuni, au mtandao unakatika. Nilishajiambia kwamba nikimaliza kazi ile naunganisha hadi kwa mama mdogo, nikamwone mama yangu kwa macho yangu, wapende wasipende.

"Na chumba cha nyuma je?" nilimuuliza kaka huku nikifunga stendi.

"Hicho stoo. Kimejaa makorokoro, usihangaike nacho." Akachukua brashi yake, akaenda kupaka rangi geti.

Runinga yao kubwa na vioo vya kabati vilikuwa vinanionyesha mimi mwenyewe, nimesimama pale kama nauza sura. Kwa hiyo nilifanya kama nifanyavyo siku zote: nikabonyeza, kamera ikaanza kuhesabu, nami nikatoka barazani na wifi, tukarudisha mlango. Tuliisikia ikipiga. Ile ya tatu huchukua muda, maana inakusanya mwanga taratibu. Tukapiga porojo za mapazia mpaka ikaisha, tukaingia ndani.

Niliivaa kamera shingoni, nikakaa palepale kwenye meza ya chakula, nikahamishia picha kwenye laptopu. Programu ninayoitumia ina kisanduku kidogo ambacho sisi wa kazi hii tunakiita kisanduku cha mizuka. Kitu kikisogea kati ya picha moja na nyingine, pazia au paka, kwenye mchanganyiko hutokea nusunusu, ukuta unauona kupitia tumbo lake. Ukitia alama ya vema kwenye kisanduku, kompyuta inakifuta bila kukuuliza. Mimi huitia bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga mkanda wa gari.

"Ehee! Hii ndiyo sebule yangu kweli?" Wifi alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Wifi, una mkono wewe. Ila hapa koridoni mbona kama pango? Mgeni akiona si atadhani tunafuga popo?"

Alisema kweli. Korido ilikuwa na giza lenye chengachenga, wakati picha ya tatu ilipaswa kuiangaza. Nikajua ni kile kisanduku: kimeona kitu kimesogea kule, kikaitupa picha ya tatu katika sehemu ile. Pengine ni pazia la mlango. Nikaondoa alama, nikachanganya upya.

Korido ikang'aa. Katikati yake alisimama mtu.

Alikuwa nusunusu, kitasa cha mlango wa chumba cha nyuma kinaonekana kupitia kifua chake. Nilisikia wifi akivuta pumzi kando ya sikio langu.

"Rudisha," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Wifi, nakuomba, rudisha tu, giza si neno."

Sikurudisha. Nilifungua picha ya tatu peke yake, nikaivuta karibu. Alikuwa mama. Mama yangu mzazi, amekonda, gauni linamning'inia, mkono mmoja umeshika ukuta, upande mmoja wa mdomo umeshuka. Alikuwa ametulia tuli akiitazama kamera, ndiyo maana alitoka vizuri vile, hata mikunjo ya paji la uso. Dakika chache tu kabla nilikuwa nimemfuta mama yangu kwa alama ya vema, na nikasifiwa.

Nilichukua simu, nikaitafuta namba ya mama mdogo, nikaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama mdogo. Nipe mama niongee naye."

"Marahaba mwanangu. Lo, umemkosa! Katoka sasa hivi, kaenda kununua uzi."

Nilikuwa namtazama mama usoni. "Amevaa nini?"

"Eti?"

"Nauliza amevaa nini, mama mdogo."

Mama mdogo akakata simu. Nilipogeuka, wifi alikuwa ameketi sakafuni, kashika kichwa kwa mikono miwili.

Nilisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Ule mshindo ndio uliomleta kaka. Aliingia na brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye vigae ambavyo asubuhi alitukataza kuvikanyaga na viatu. Akaiona laptopu, akaniona mimi, akajua.

"Umemfungia mama stoo!" Nilipiga kelele nadhani mtaa mzima ulisikia. "Mama yetu! Ili wageni wako wasimwone? Wewe ni mtu wewe?"

"Hajafungiwa. Mlango ule hauna hata ufunguo."

"Nyamaza!"

"Dada, nisikilize." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka siku nyingi. "Ni kiharusi. Alipoanza tena kuongea, kitu cha kwanza aliniapisha nisikwambie. Alisema wewe kazi yako ni kuangalia, ukimwona vile mara moja, hutamkumbuka tena alivyokuwa. Akamwapisha na mama mdogo kwenye simu. Ningefanyaje?"

"Ungenipigia!"

"Nilisema nitakwambia akipata nafuu. Sasa badala ya nafuu..." Hakumalizia. Nilishamsukuma, nikapita.

Ndani ya chumba kile hakukuwa na korokoro hata moja. Dirisha lilikuwa wazi, shuka zimepigwa pasi, redio inaongea kwa sauti ya chini. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele zimesukwa upya, misuko midogomidogo ambayo katika familia yetu ni wifi peke yake anayeiweza. Hasira zangu zote zikakosa pa kwenda. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi."

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Akautazama na mkanda wa kamera uliokuwa bado shingoni mwangu.

"Ndiye wewe mwenye kile kidude cha sebuleni?" Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Ndiyo."

"Binti yangu naye hupiga picha." Akanishika mkono, akanivuta karibu, akashusha sauti ili kaka aliyekuwa mlangoni asisikie. "Akija, mwanangu, usimwambie nipo humu. Asije akaniona hivi."

Nilitaka kumtajia jina langu. Alikuwa bado kanishika, anasubiri nijibu, na machoni mwake mlikuwa na hofu ya kweli.

"Sitamwambia," nikasema.