Kiu ya Nyogokuru

Tangu astaafu ualimu, Mwalimu Kabera alikuwa na kazi moja tu ya asubuhi, na aliifanya kwa heshima zote, kama padri anayeandaa misa. Saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai, kabla hata ya kumjulia hali mkewe sawasawa, alitoka na miwani yake, kitambaa safi na kopo la mafuta ya moteri, yaani injini. Alifungua boneti ya gari lake, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukigeuza huku na huku kwenye mwanga. Halafu akaguna.

"Imekunywa tena," alisema, na kujazia mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa limepita miaka thelathini. Wanafunzi wake wa shule ya Mibirizi walilibatiza Nyogokuru, yaani bibi, na jina likaganda hadi Kabera mwenyewe akawa analitaja mbele ya askari wa barabarani. Kwa miaka kumi na tisa Nyogokuru alimpeleka Mibirizi na kumrudisha nyumbani Kamembe, mvua inyeshe, vumbi litimke, na hakumwaibisha hata siku moja. Kisha mwalimu akastaafu mwezi wa saba, na wiki hiyohiyo gari nalo likaanza kuumwa. Kila baada ya siku tatu nne kijiti kilionyesha mafuta yamepungua, naye akajazia. Alijazia mpaka muuza mafuta akawa anamwekea kopo pembeni bila kuulizwa. Mwezi wa pili wa mwaka mpya ukaja moshi, moshi wa buluu uliotanda barabara nzima, na vijana wa pikipiki waliokuwa nyuma yake wakajifunika pua na kumwuliza anachoma mahindi ya bei gani.

Kabera alicheka nao, ila moyoni hakuwa na kicheko. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Magoti yalimlalamikia kwenye kila kipandio, majina ya wanafunzi wa zamani yalimponyoka ulimini, na sasa mwenzake wa barabarani naye anakohoa. Yeye aliona ni jambo lilelile moja: uzee umewashika wote wawili kwa mpigo.

Fundi wa kwanza aliyemwona alikuwa Munyaneza, kijana mwenye gereji karibu na soko. Aliwasha gari, akatazama moshi, akazima.

"Mzee, moteri imekufa," alisema kwa huruma ya kweli. "Inakula mafuta. Tunaifungua yote, tunabadilisha segma, zile pete za ku pistoni, tunabadilisha na zile zingine zenye zimekwisha mule ndani. Laki nane na nusu."

Laki nane na nusu! Kibaya zaidi, pesa hizo zilikuwepo. Zilikuwa kabatini, chini ya mashuka, laki tisa kamili ndani ya bahasha, na hazikuwa za gari. Zilikuwa tanuri la Emerance.

Emerance, mkewe, alioka mikate tangu walipokuwa bado wanaishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Aliioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mikono yake ilikuwa na alama za moto kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Mikate yake iligombaniwa, lakini sufuria ni sufuria, haina tumbo la kutosheleza mji. Miaka minne aliweka akiba, kidogo kidogo, apate furu, tanuri la chuma lenye trei sita. Izabayo, fundi wa kuchomelea vyuma, alishachukua vipimo na kuanza kukata mabati.

Siku ile ya Munyaneza, mchana, Emerance aliiweka bahasha mezani, kando ya sahani ya maharage.

"Papa Umwali, beba hii, utengeneze gari," alisema. Umwali ni binti yao wa pekee, anafanya kazi Kigali, na nyumba nzima bado inaitwa kwa jina lake.

"Na furu yako?"

"Furu itangoja. Sufuria haijanikataa bado. Mimi niliolewaka na muntu wa kutembea, sitaki muntu wa kukaa ku kiti na kuangalia ziwa kutwa nzima."

Alisema hivyo kwa uchangamfu mwingi, kisha akainuka upesi kwenda kuangalia makaa, na Kabera akaelewa kwa nini ameinuka upesi. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitaka kukataa, na mume mwema angekataa. Lakini alilipenda lile gari, tusifiche, alilipenda kupita kiasi, na wazo la kuliuza kama chuma chakavu lilimkata maini. Akatia bahasha mfukoni bila kumtazama mtu usoni.

Kesho yake alipima mafuta kama kawaida, akaguna kama kawaida, akajazia nusu lita, na saa sita mchana akateremka mjini kwa Munyaneza. Alipofika karibu na soko mguu wenyewe ukakanyaga breki. Mwalimu aliyezoea kusahihisha mtihani mara mbili kabla ya kumfelisha mtoto hawezi kutoa laki nane na nusu kwa kusikia mara moja. Akageuza gari, akaenda kwa Mzee Hamdani.

Mzee Hamdani alikuwa ametengeneza magari Kamembe tangu enzi ambazo gari likipita watoto waliacha kula. Karakana yake ilikuwa nyuma ya msikiti, sakafu ya saruji tupu, imefagiliwa vizuri kuliko sebule za watu wengi. Alijulikana kwa ufundi, na alijulikana kwa kuudhi wateja, maana hakugusa moteri yoyote iliyofika ikiwa moto.

"Zima, Mwalimu," alisema huku akikunja mikono ya shati ili atawadhe. "Iache ipumuzike pale kati. Mimi naenda kusali, nikirudi tutaiangalia."

"Mzee Hamdani, niko na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Si ulistaafu?"

Maneno hayo yalimchoma Kabera, maana yalikuwa kweli. Akakaa kwenye benchi, bahasha ikimwasha mfukoni, akalilinda gari lake kama mtu anayelinda mgonjwa wodini. Nusu saa na zaidi ilipita. Hamdani akarudi, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Akakitazama kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mwalimu, nani alikuambia hii gari haina mafuta?"

Kabera akavaa miwani. Mafuta yalikuwa yamepita alama ya chini, yamepita alama ya juu, yamepanda kijiti upana wa vidole viwili zaidi. Damu ikamchemka.

"Nani alitia mafuta mu gari yangu?"

"Si ulikuwa unakaa pale?"

"Nilikuwa nakaa."

"Uliona muntu?"

Kabera hakuwa ameona mtu. Hakuwa hata amepepesa macho. Akakinyakua kijiti, akapima mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu, akikifuta kila mara kwa kitambaa chake safi, na mara zote tatu kijiti kikamjibu vilevile.

"Nikuulize, Mwalimu," Hamdani alisema, akikaa juu ya tairi kuukuu. "Zamani, mbele ustaafu, ulikuwa unapimia wapi?"

"Ku masomo. Mu kiwanja, asubui, mbele ya kengele."

"Kiwanja iko namna gani?"

"Iko sawa kabisa. Batoto banachezeaka pale mupira."

"Na sasa unapimiaka wapi?"

"Ku nyumba."

"Ku nyumba wapi?"

Kabera akainua macho kuelekea kilimani kwake. Nyumba yake, kama nusu ya nyumba za Kamembe, imeng'ang'ania ubavu wa kilima. Uani kwake ukiachia chungwa linakwenda kuliwa na jirani. Na katika ua huo Nyogokuru hulala akielekeza pua juu, na hapo ndipo Kabera anapompimia kila asubuhi tangu alipoacha kwenda kazini.

"Joje yako iko mbele," Hamdani alisema taratibu, akikichezesha kile kijiti hewani. "Pua ya gari iko juu, mafuta inakimbilia nyuma. Wewe unaitafuta mbele, unaikosa, unaongeza. Inajaa kupita kiasi, moteri inaichapa inafanya povu, inaitapika na moshi. Kiisha inapunguka kidogo, unaona imepunguka, unaongeza tena. Moteri yako haikufa, Mwalimu. Inazama!"

"Na ule kijana aliniambia imekufa."

"Aliona moshi, akasema moshi. Hakukuuliza unalazaka gari wapi. Na wewe ungemwambia? Muntu mwenye anapima kila asubui, nani atamuzania vibaya?"

Walimwaga mafuta yote, yakatoka yakiwa na mapovu. Wakaweka mapya kwa kipimo, wakabadilisha mpira mmoja uliokuwa ukivujisha mafuta, na gharama yote ikawa elfu arobaini. Mwanzoni moshi uliendelea, kisha ukapungua, na Kabera alipofika njia ya kupanda kwake nyuma ya gari palikuwa peupe. Alitamani kuimba. Aliimba, kwa kweli, mpaka alipokumbuka Emerance.

Hapo ndipo shetani wa wanaume waliooa alipopanda kiti cha mbele. Bahasha ilikuwa karibu nzima mfukoni. Kulikuwa na haja gani ya kusema yote? Angeweza kuingia ndani kwa hatua za polepole na kusema: "Maman Umwali, nimewaza sana. Gari ni chuma tu. Furu yako inapita gari." Maneno mazuri! Angechinjiwa kuku. Umwali angepigiwa simu Kigali aambiwe ana baba wa namna gani. Aliyarudia mara mbili kwa sauti, akirekebisha mkazo kwenye neno "furu".

Alimkuta mkewe ameinama jikoni, akiinua mfuniko wenye makaa kwa vijiti viwili, uso ameugeuza pembeni kukwepa joto. Kaa moja lilidondoka likamgusa mkono. Alipapuliza palipoungua, akapapaka mafuta ya kupikia, akaendelea.

"Umefika?" alisema bila kugeuka. "Nilimupigia Izabayo simu. Nilimuambia aache kukata, atumikishe mabati ku kazi za bengine. Usijali, hakukasirika."

Kabera akaitupa hotuba yake yote. Akatoa bahasha, akaiweka kwenye meza yenye unga.

"Maman Umwali, gari haikukuwa na ugonjwa," alisema. "Njo miye nilikuwa naizamisha."

Akamweleza yote, kijiti, kilima, mafuta kukimbilia nyuma, na kosa la miezi minane lililofanywa kwa miwani na kitambaa safi. Emerance alisikiliza akiwa ameshika vijiti vyake. Mdomo ulianza kumcheza. Kisha akacheka, akacheka hadi akaketi juu ya mfuko wa unga, akacheka hadi machozi yakachora mistari kwenye unga uliokuwa shavuni.

"Kila asubui!" alisema akihema. "Kila asubui, na mavazi ya heshima, unaenda kunywesha mwenye amekwisha shiba!"

"Cheka tu, niko na haki ya kuchekwa." Naye alikuwa anacheka, lakini sauti ikamgeuka katikati. "Nilizani ni uzee, Maman Umwali. Nilizani gari imezeeka, na miye nimezeeka nayo, na sasa tunakwisha bote wawili."

Emerance akaacha kucheka. Akainuka, akajipangusa, akamwekea mumewe mkono wenye unga begani, na alama ya vidole vitano ikabaki kwenye koti.

"Hakuna mwenye anakwisha hapa," alisema. "Mulikuwa tu munasimama pabaya, wewe na gari yako. Washa, unipeleke kwa Izabayo upesi, mbele hajawapatia bengine mabati yangu."

Kabera akaenda kumfungulia mlango wa gari.