Rudi Nyuma, Mkubwa

Babu Kombo alilipwa kwa kukosea, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Kwenye kipindi cha televisheni cha kufundisha watoto kusoma, alisimama mbele ya ubao na kofia yake iliyopinda, akaelekeza fimbo kwenye neno "mlango," akatangaza kwa kujiamini kabisa, "Dirisha!" Watoto waliojazana studioni walipasua koo: "Umekosea! Rudi nyuma!" Babu akarudi kinyumenyume, akatumbukia kwenye ndoo ya rangi, na wakati anajinasua, wao wakamsomea neno. Wengi walijua kusoma kwa raha ya kumsuta yule mzee.

Mchezo huo aliuanzia nyumbani, kwa ajili ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa na miaka minane na akili yake haikuwa na kasoro, ila siku moja alijikwaa darasani katikati ya sentensi, wenzake wakamcheka, na tangu hapo mdomo ukatiwa kufuli. Mtoto alimsahihisha babu yake tu, tena kwa kumnong'oneza sikioni. Sasa mwalimu wake alikuwa amesema wazi kwamba asiposoma kwa sauti mbele za watu, atarudia darasa. Babu alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Wakati huohuo wakubwa wa kituo wakaunda jopo. Wakubwa wakikosa la kufanya huunda jopo, na jopo likikosa la kusema husema adabu. Wataalamu walikaa kwenye viti vya kuzunguka, wakanywa chai, wakaazimia kwamba mtu mzima kukosea mbele ya watoto ni kuvunja heshima ya utu uzima.

"Kuanzia leo, mzee wetu, utasoma sawasawa," alisema mkurugenzi. "Kwa tabasamu la kielimu."

"Na watoto watafanya nini?"

"Watasikiliza."

Babu akasoma sawasawa. Mtoto mmoja akaomba kwenda kukojoa, na kumbe mkojo nao huambukiza, maana nusu ya studio ilimfuata.

Siku ya kuzindua kipindi kipya, kikirushwa moja kwa moja, mkurugenzi alitaka kusoma kaulimbiu yeye mwenyewe ili awe mfano. Jopo lilikuwa likiibadilisha kila lilipokutana, na ya mwisho ilibandikwa ubaoni asubuhi ileile: SOMA KWANZA, CHEKA BAADAYE. Mkurugenzi hakujisumbua kuitazama. Alikuwa na ile ya zamani kichwani, ameikariri bafuni wiki nzima. Walioalikwa walikuwa watoto wa shule ya mjukuu wa babu, na mjukuu mwenyewe alikaa mstari wa mbele, mwalimu wake nyuma yake.

"Kusoma," alitangaza mkurugenzi, fimbo juu ya neno la kwanza. "Ni." Fimbo ikahamia la pili. "Ufunguo. Wa." Hapo maneno ya ubaoni yakaisha, lakini ya mdomoni yalikuwa bado na akiba. Kwa "mlango" fimbo ikagonga pazia, kwa "wa maisha" ikamgusa mpiga picha begani, na "bora" ikabaki hewani.

Watoto walikuwa wameonywa wasipige kelele. Wakajiuma midomo.

"Umekosea," ilisema sauti nyembamba kutoka mstari wa mbele. "Rudi nyuma, mkubwa."

Mjukuu alikuwa amesimama. "Soma... kwanza," akasoma. "Che... cheka... ba... baada... baadaye."

Mkurugenzi akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Mzee, wewe ndiye wanayekuamini. Waambie huyo mtoto amekosea, tuendelee. La sivyo, kofia yako itundike leo."

Mtoto alikuwa akimtazama babu yake, mdomo bado wazi. Kofia ile ilikuwa ikimlisha mzee, naye aliipenda kuliko alivyowahi kukiri. Lakini aliujua ule mdomo. Ukifungwa tena leo, hautafunguka. Akachukua kipaza sauti.

"Mtoto amesoma sawa," alisema. "Aliyekosea ni mkubwa. Rudi nyuma, mkubwa, pole pole. Hapa kukosea si aibu, ni kazi, na wewe una kipaji."

Studio nzima ikalipuka: "Rudi nyumaaa!" Hata mwalimu alipiga kelele. Kamera zikiwa zimemkodolea macho, mkurugenzi angefanya nini? Alirudi nyuma hatua mbili, na ndoo ya rangi ilikuwa palepale.

Jioni mlinzi wa getini alipokea kitambulisho cha kazi cha babu bila kumtazama usoni. Getini palikuwa na tangazo jekundu. Babu alilisogelea, akasafisha koo.

"Karibu tena wakati wowote," akasoma.

Mjukuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Umekosea, babu! Rudi nyuma!" Kisha akalisoma mwenyewe, kwa sauti iliyovuka barabara: "Hakuna kuingia bila kibali."

"Una hakika?"

"Nisome tena?"

"Soma tena," alisema babu, akivua kofia kujifuta macho. "Kwa sauti zaidi, mlinzi naye asikie."