Msimamizi wa Bweni na Yule wa Filamu

Miaka kumi na mmoja nimesimamia bweni la wavulana pale shule ya Saint-Aubrac, na hakuna mtoto aliyewahi kunigusa hata upindo wa koti. Mwaka 1932 wakaja watu wa filamu kuwapiga picha wavulana wangu, pamoja na mwigizaji wao, Gaspard Villemin. Yeye siku moja tu ilimtosha kupendwa.

Villemin alilipwa aigize msimamizi mkali ambaye watoto wanamwasi. Yaani mimi. Alivaa koti jeusi kama langu, akakunja uso kama wangu. Lakini kila walipomaliza kupiga picha, watoto walimrukia mgongoni.

"Mzee Gaspard, kesho tutakutwanga!"

"Nyie vifaranga? Mna mikono hapo au tambi?"

Mimi nilisimama mlangoni, roho inaniuma. Nasema wazi, ulikuwa wivu. Théophile wa kitanda cha saba, ambaye kwangu hajawahi kusema zaidi ya "Ndiyo, Bwana," alimmegea chokoleti aliyotumiwa na mama yake. Tena nusu nzima!

Siku ya nne, katikati ya vita vya kurushiana mito ya kulalia, Villemin akateguka mguu. Sitadanganya kwamba nilisikitika. Mwongozaji akanitazama juu hadi chini.

"Bwana Rouvière, koti unalo, na umbo ndilo hilo. Simama badala yake, tutakupiga picha kwa nyuma."

Nilikubali haraka mno, nikaenda kuchana nywele. Nilijiambia nitaanguka vizuri kuliko yule, manyoya yaruke, watoto wacheke, labda mmoja anirukie.

Kesho yake kibao cha mbao cha kuanzishia picha kikagonga, paa! Siku nne walikuwa wamekisikia bila kushtuka. Leo watoto wote thelathini wakashuka vitandani, wakasimama mbele ya vitanda vyao, mikono nyuma, kama ninavyowaamsha kila asubuhi kwa kugonganisha vibao vyangu viwili vya mbao.

"Kata!" mwongozaji akapaza sauti. "Vipi tena, wanangu? Si jana mlirusha?"

"Jana alikuwa Mzee Gaspard," Théophile akajibu.

"Rusheni," nikasema. Nilitaka kuwaomba, ikatoka amri. Sauti nyingine sina.

Wakarusha. Kitanda cha kwanza, kikafuata cha pili, kila mmoja akingoja zamu yake, na mito ikatua polepole miguuni pangu. Zamu ya saba ilipofika, Théophile hakurusha. Alikuja akaulaza mto wake sakafuni, akaunyoosha pembe.

"Ndiyo, Bwana," akasema, akarudi mahali pake.