Nyundo ya Urbain

Mume wangu, Mathurin Gaudrelle, alikuwa mwashi mzuri mpaka alipoitwa msanifu majengo. Mama Mkuu wa watawa ndiye aliyemwita hivyo, mbele za watu, alipomkabidhi kazi ya kanisa lao hapa Quebec. Kichwa kikamvimba. Jioni ile alitaka hata mimi nimwite hivyo, nikamwambia, "Haya, msanifu, supu ya njegere inapoa."

Huku kwetu waashi hutundika miiko yao ya kujengea sikukuu ya Mtakatifu Martino, katikati ya Novemba. Baada ya hapo kuta hufunikwa nyasi kavu na samadi, na mtu hashiki chokaa tena hadi barafu ya mto ivunjike. Mathurin alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Lakini Mama Mkuu alitaka kuba ya mawe ifungwe kabla ya Krismasi, na msanifu hakuweza kusema hapana. Alikoroga chokaa kwa maji ya moto, akaendelea kujenga Desemba nzima.

Urbain Crespeau, mwenzake tangu ujanani, aliyevuka naye bahari, alishuka jukwaani akaja mpaka jikoni kwangu kugomba na Mathurin.

"Unajenga kwa barafu, bwana wee, si kwa chokaa. Sasa hivi ni ngumu kama chuma. Ngoja jua la Aprili uone."

"Kama unaogopa, nenda kachome mkaa."

"Nitakukumbusha," Urbain akasema. "Hata nikifa nitakukumbusha, kichwa kigumu wewe."

Januari homa ikamchukua. Hakuwa na mke, kwa hiyo nilimwosha mimi. Nilimkata kucha, nikamsugua mikono mpaka chokaa yote ikatoka. Ardhi huganda, haichimbiki majira hayo, basi jeneza lake likawekwa kwenye banda la maiti nyuma ya kanisa lilelile, pamoja na wafu wengine wa baridi ile, kungoja Mei.

Machi nikaanza kusikia. Nilikuwa nimewapelekea watawa mkate, mchana kweupe, na kanisani hamkuwa na mtu. Juu kwenye kuba: ko, ko, ko. Kimya. Kisha ko moja. Mke wa mwashi anayajua mapigo hayo ya nyundo: matatu, halafu moja, yaani jengo linasogea, shukeni wote.

"Barafu inapasuka," Mathurin alisema nilipomweleza. Hakunitazama.

"Tangu lini barafu ikajua kuhesabu?"

"Perrine, usinitie aibu."

"Radegonde anafunga ndoa humo baada ya Pasaka! Mwanao wa pekee!"

"Nikisema kuba ni mbovu, nani atanipa hata banda la kuku nijenge?"

Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Nilikwenda kwa Mama Mkuu. Akasema msanifu ameshamhakikishia. Nilimwambia Radegonde mwenyewe, akacheka. "Mama, lile si kajenga baba?" Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini kifo hiki kilikuwa kinamwendea mwanangu.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali, theluji inadondoka kutoka mapaani. Radegonde alipiga magoti pamoja na Léonard, mchumba wake, mchonga mawe. Kasisi alipofungua kinywa tu: ko, ko, ko. Ko. Vumbi jeupe likaanguka juu ya shela. Léonard akainua kichwa. Mimi nilimtazama Mathurin, uso umemparama, midomo inahesabu pamoja na mapigo. Nikajua kwamba siku zote hizo naye alikuwa akiyasikia.

Akasimama.

"Tokeni nje! Nilijenga kwenye baridi. Urbain aliniambia, sikusikia. Kosa ni langu! Tokeni!"

Jirani mmoja alicheka. Léonard hakucheka; alimbeba bibi harusi begani kama gunia la unga, akakimbia, na watu wakamfuata. Wa mwisho kutoka alikuwa Mathurin, akimkokota Mama Mkuu kwa mkono. Hatujafika lango la ua, kuba ikashuka yote. Hakufa mtu.

Mei tukaenda kumzika Urbain. Mathurin aliomba jeneza lifunguliwe amuage. Baridi ya banda ilikuwa imemtunza. Alikuwa vilevile nilivyomlaza, ila mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vimeshika mpini wa nyundo, na chini ya kucha nilizozikata mwenyewe mlikuwa na chokaa mbichi, ingali na maji.

Kasisi alirudi nyuma akifanya ishara ya msalaba. Mathurin aliinama, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, kama waashi wanavyoonja kujua imekolea au bado.

"Imekolea," akasema. "Hii ndiyo chokaa, ndugu yangu." Akakaa chini pale kwenye matope, akalia mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe yao chini wakamngoja.