Kigae cha Pembe ya Wahenga

Katika kijiji chetu cha Ambohitsara, kwenye nyanda za juu za kisiwa cha Bukini, hakuna marehemu aliyewahi kulowa. Walio hai ndio hulowa. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba nyumba ni kambi tu, na kaburi ndilo makao. Na hakuna aliyeyashika mafundisho hayo kwa ukaidi kuliko Ralaivao.

Kila mwaka kabla ya masika, Ralaivao alilikagua kaburi la ukoo wake kama daktari amkaguavyo mgonjwa tajiri. Aliziba nyufa kwa saruji, akapaka chokaa, akazibua mfereji. Mwaka huo alilinunulia hata vigae vipya, akavipanga uani chini ya turubai. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na vigae vilivyolegea kama meno ya kikongwe, na katika mfereji wa paa, uliojaa majani makavu, ulikuwa umeota mche wa pichi.

"Baba Voahirana," mkewe Rasendra alimwambia, "kigae kimoja tu, pale juu ya pembe ya wahenga. Posa ya mtoto inakuja, na mvua inakuja."

"Mvua haijaua mtu."

"Ndiyo maana hao wako wa kaburini hawaihofu. Wamekwisha kufa!"

"Usiwakufuru."

"Siwakufuru, nawaonea wivu."

Hakupanda. Naye Rasendra hakulala vyema, kwa kuwa wakwe watarajiwa walikuwa wamekwisha kuvunja posa mbili kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na bintiye Voahirana alimpenda mjukuu wao Solofo kwa moyo wote.

Wageni waliwasili alasiri, ngurumo zikianza. Mshenga, Mzee Ratsimba, babu yake Solofo, aliketishwa katika pembe ya kaskazini mashariki, mahali pa heshima kuliko pote, ambapo wahenga huitwa. Aliyeketishwa hapo hahami mpaka hotuba iishe, na hotuba ya posa kwetu si fupi. Voahirana alifichwa jikoni, kama ipasavyo, asionekane mpaka aitwe.

Mshenga alikuwa bado anaomba radhi kwa kuthubutu kunena mvua ilipofunguka. Tone la kwanza lilimwangukia utosini. Akaendelea. La pili likamwingia kwenye kola. Rasendra akamsogezea sufuria; mzee akaipakata, asikatize methali yake.

"Tumekuja kutafuta mke," akasema hatimaye, maji yakimchuruzika puani, "ila naona tutapewa samaki. Nauliza kwa unyenyekevu: huko kaburini kwenu nako kunavuja?"

"Hata tone!" Ralaivao akajibu kwa fahari.

"Basi tubebe mikeka tukamalizie huko. Wenyeji wa huko watatusikiliza kwa utulivu."

Hakuna aliyecheka. "Binti wa nyumba inayovuja," shangazi mmoja wa Solofo akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "ataivujisha na yetu." Solofo akainamisha kichwa. Mshenga akaikunja shuka yake.

"Mleteni huyo binti tumwone, kisha tuage."

Rasendra akaenda jikoni, akarudi peke yake.

"Hayupo."

Hapo hapo matone yakakoma. Watu wote wakatazama juu. Katikati ya makombamoyo ya paa, penye tundu, paling'aa jicho moja.

"Babu, niwie radhi," sauti ya Voahirana ikasema, "sogeza kichwa kidogo. Nasukuma kigae."

"We mtoto! Hivyo ni vya kaburi!" Ralaivao akapiga kelele.

"Huko hawana wageni leo, Baba."

Mzee Ratsimba akacheka hata sufuria ikamwagika. "Hotuba imekwisha! Mteremsheni huyo kabla hajateleza. Tunamchukua, na shangazi mtu atamshikia ngazi."

Wageni walipoondoka na mvua kukatika, Rasendra aliegemeza ngazi ukutani.

"Panda. Umebaki mfereji."

"Kesho. Kwanza nirudishe vigae vya watu."

"Baba Voahirana, umenizidi umri sana. Mimi ndiye nitakayekuzika. Na kaburi la kaka zangu bado lina nafasi."

Mume kuzikwa ukweni, kwetu, ni fedheha isiyo na mwisho, maana hakuna kuhama tena. Ralaivao akalitazama kaburi lake jeupe kule kilimani. Akaitazama ngazi. Akavua viatu.

"Mche wa pichi nao niung'oe?" akauliza kutoka juu.

"Na mizizi yake."