Vioo vya Wubbo

…eti na hivi navyo vinatetemeka, vinatetemekaje na injini imezimwa, upepo wenyewe umelala, vioo vimekazwa kwa skrubu juu ya vioo vya gari vikachomoza kama masikio ya punda, na hii ni jozi ya nne, akawaza Jantina, amesimama nyuma ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu, uwanjani pa duka la vifaa vya kambi hapo mjini Assen, amesimamishwa kama mlingoti na kazi yake ni kuonekana, basi, umri wote huu duniani na kazi aliyopewa leo ni kuonekana, na hata hiyo haimalizi. "Sogea kulia, mama!" akapaza sauti mumewe Wubbo kwenye usukani, shingo nje kama kobe. "Kulia kwangu au kwako?" "Kulia kwa kawaida!" Haya, kulia kwa kawaida, akasogea, na Ilse, binti wa dukani, anangoja na jozi ya tano kwapani, anatabasamu tabasamu la mwajiriwa, maskini, alikuja kazini auze mahema. "Sasa unaniona?" "Sikuoni! Binti, kioo hiki kina ukungu!" Ukungu… kioo kimefutwa na Jantina mwenyewe kwa upindo wa sketi, ungeweza kujinyolea hapo, lakini ukungu, tena ukungu, neno lile lile, wakati wa baridi televisheni ilikuwa na ukungu, ikanunuliwa nyingine, nayo ikaja na ukungu wake kutoka kiwandani, na Pasaka Wubbo alivua kofia akamwamkia mwanasesere wa duka la nguo, "habari za asubuhi, bibi," kwa adabu ambayo mkewe hajaionja tangu arusi, Jantina akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akacheka, hakuuliza, kwa nini hakuuliza, eh, kwa sababu ukiuliza unajibiwa, na jibu likishatoka mdomoni hakuna tena safari ya Ufaransa ya kila kiangazi, hakuna mto wala kiti cha kivulini wala yule mwanamke wa Zwolle, jirani yao wa kambini, anayeamini anajua kucheza karata, karavani itauzwa, nao watabaki wawili sebuleni kwao Beilen, yeye akitazama mvua, Wubbo akitazama ukungu, mpaka mmoja amtwange mwenzake sufuria… "Babu, hiki kimebinuka," Ilse anaeleza dirishani, "kinaonyesha upana wote, ila vitu huwa vidogo. Hiki kingine ni bapa, vitu vikubwa, lakini unaona kipande tu." "Nipe bapa! Vitu vidogo vya nini, mimi si sisimizi!" Ndiyo, mpe bapa, mtu anaonyeshwa barabara nzima anataka lori moja nene, na sheria haina masihara, karavani ikizidi gari kwa upana lazima vioo vichomoze, sheria ilifikiria kila kitu isipokuwa kwamba kioo hakina macho, macho unakuja nayo mwenyewe. "Kushoto kidogo, mama!" "Kushoto kwa kawaida?" "Usinifanyie mzaha mbele za watu!" Mzaha… mwaka jana kule Paris, barabara ya kuzunguka mji, malori pande zote, naye anauliza tu "pako wazi?" na Jantina kichwa nje ya dirisha, nywele zimesimama wima, "hapako wazi, subiri, subiri, sasa, ingia, nimesema ingia!" halafu upande wa pili nao vivyo hivyo, anapanda juu ya magoti ya Wubbo na mfuko wa chakula wenye tambi na supu baridi, na jioni pale kambini Wubbo akanyoosha mgongo akawaambia majirani ameendesha toka Antwerp bila kusimama, ameendesha nani, ngoja kwanza, ameendesha nani… yeye ndiye aliyeendesha, Jantina, safari nzima, kwa mdomo, na asubuhi hii toka Beilen pia, kwa mdomo, na kama mdomo peke yake unaweza kuifikisha karavani Ufaransa, mikono ilikosa nini, mikono hii iliyokuwa ikirudisha nyuma trela la viazi la baba yake mpaka ndani ya ghala, kabla hajavunja ungo, hata jiwe la mlango halikuguswa, halafu akaolewa, usukani ukaota ndevu, jaribio moja tu alifanya, langoni mwa kambi, na watu wa kambini wakisikia karavani inarudi nyuma hutoa viti wakakaa na bia zao kama wako sinema, na Wubbo nyuma anarukaruka, "kushoto! si kushoto hiyo!" Jantina akaacha ufunguo pale pale akaenda kuoga, mjinga yeye, angemaliza kwanza ndiyo aoge. "Mama! Sasa nakuona vizuri kabisa!" Loo. "Kweli?" "Kama mchana! Hivi bapa ndivyo vyenyewe!" "Basi nimeinua mkono gani?" Shingo ikarefuka nje ya dirisha, mtu anakokotoa. "Wa kushoto!" Mikono yote miwili ya Jantina ilikuwa ndani ya mifuko ya koti, Ilse akamtazama, Jantina akamtazama Ilse, tabasamu la mwajiriwa likaanguka, na hakuna aliyecheka. "Umepatia, mzee," akaitikia, kisha polepole, "binti, nipe vilivyobinuka, hivyo vya upana wote, na kiti cha dereva husogezwa mbele kwa kishikio kipi, kile cha chini? maana miguu yangu mifupi…" na ufunguo atauomba sasa hivi, kabla Wubbo hajawasha, atasema nini, atasema mgongo unamuuma kukaa upande wa abiria, uongo huo utawafikisha Beilen, na baada ya supu atamwambia kweli yenyewe, mtoto wa jicho, Wubbo, si ukungu, hupasuliwa asubuhi na mchana unakula nyumbani, atapiga meza, apige, meza ni ya mbao, na asipopasuliwa kwanza, Ufaransa Wubbo atakaa kulia na ramani asiyoiona, apige makelele, naye Jantina ataendesha na kumjibu kwa mpigo, mdomo umeshazoea kazi… "Mama, bado upo hapo?" "Nipo," akasema, na hakuwa amesogea hata unyayo.