Viatu vya Kasiani

Wapo watakaokuambia mavi ya kale hayanuki. Hao hawajawahi kuomba kazi kwenye kile kiwanda cha sabuni cha Morogoro, mwaka ule serikali ilipokiuza kwa tajiri.

Kasiani alifungwa miaka miwili kwa ajili ya sabuni. Ndiyo, sabuni! Wakati wa msako wa walanguzi, mgambo walikuta katoni chache zimefichwa chini ya kabichi alizoteremsha kutoka Mgeta. Sasa sabuni zilezile zilipangwa mpaka barabarani, na waliozipanga waliitwa wafanyabiashara. Sheria ilibadilika, lakini mfungwa wake alibaki kuwa mfungwa.

Meneja, kijana wa tai, alimuuliza bila hata kuinua uso, "Umewahi kufungwa?"

Hapakuwa na sheria ya kumkataza asiulize, wala ya kumlazimisha aulize alifungwa kwa kosa gani. Kasiani aliwaza watoto, akawaza na shamba lililoporomoshwa na mvua.

"Hapana," akasema.

"Afadhali. Tajiri hataki mtu aliyenyea debe. Tukija kugundua, siku hiyohiyo nje."

Akapewa kazi ya kupakia katoni. Alitoka pale na furaha iliyochanganyika na hofu.

Asubuhi ya kwanza alijipanga getini na wenzake. Mlinzi, mzee mwembamba, alikuwa anakagua mifuko.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alimtazama usoni taratibu, na Kasiani akamtambua. Alikuwa Afande Stambuli, askari magereza aliyekuwa akiwahesabu wafungwa kila alfajiri, wamechuchumaa wawili wawili kwenye umande. Kumbe naye alikuwa amepunguzwa kazini, sasa analinda sabuni.

"Chuchumaa," Stambuli akanong'ona.

Magoti yakatii. Miaka yote ile uraiani, na magoti hayakuuliza hata kwa nini! Kasiani alijikuta chini, mikono inapanda kichwani yenyewe.

"Vipi ndugu yangu, unaumwa?" aliuliza Pazi, mpakiaji mwenzake aliyekuwa nyuma yake.

Kasiani akaishusha mikono haraka mpaka kwenye viatu. "Kamba zimelegea," akasema.

"Marahaba," Stambuli akaitikia sasa, kwa sauti ya upole kabisa. "Pita."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mzee yule hakuomba hata sigara. Angeomba, Kasiani angempa na kumshukuru, maana anayetaka kitu unajua atashiba lini. Huyu alitaka tu kumwona chini. Asipochuchumaa, neno moja lingefika kwa meneja, na kazi ingekwisha hapohapo. Kwa hiyo alichuchumaa, akafungua kamba, akazifunga, akasubiri marahaba yake. Wapakiaji wakamtania, wakamwita Kasiani Kamba, naye akacheka nao. Nyumbani alikiacha chakula sahanini, na mtu akibisha hodi alikimbilia chumbani.

"Una nini, baba Judith?" mkewe Modesta alikuwa akimuuliza.

"Uchovu tu."

Angemwambiaje mwanamke aliyemngoja miaka miwili kwamba kila siku anakwenda kufungwa upya? Aliona aibu, na aibu ikamziba mdomo.

Jumapili moja, baada ya misa, Modesta alipitia sokoni akarudi na kitu amekifunga kwenye kanga. Uso wake uling'aa.

"Nilikutana na Pazi," alisema. "Kaniambia kila asubuhi unainama getini unahangaika na kamba, mpaka watu wanakucheka. Nikasema, mume wangu hatachekwa."

Akafungua kanga. Vilikuwa viatu vya mtumba, vyeusi, vya ngozi nzuri, amekwisha kuvipaka rangi.

"Tazama, havina kamba! Unachomeka mguu, basi. Kuinama kumekwisha."

Judith, binti yao, akapiga makofi. Kasiani akavivaa. Vilimkaa sawasawa, wala havikubana popote.

"Vya zamani viko wapi?" aliuliza.

"Si vilikuwa pale mlangoni? Nimempa Petro wa jirani nilipokuwa naingia, alikuwa anakwenda peku, maskini. Mbona huchangamki? Hujavipenda?"

"Nimevipenda," Kasiani akasema, akiitazama miguu yake. Kesho ilikuwa Jumatatu.